Somo: Tafuta kii yako kabla hujarikodi wimbo wa mwenzio

Wengi wanaonitumia sauti zao niwasikilizie wana tatizo moja, na si sauti mbaya. Wimbo wameuimba palepale alipouimba mwenyewe. Ubeti wa kwanza unapita vizuri, wa pili unapita, kikifika kiitikio shingo inakaza, kidevu kinanyanyuka, na noti ya mwisho inatoka kama mtu anayeita boti iliyokwisha ng'oa nanga Malindi ya Unguja. Halafu naulizwa: "Maiki gani nzuri?"

Maiki tutaifikia. Kwanza kii, yaani wimbo umewekwa juu au chini kiasi gani.

Hatua ya 1: Jipime

Weka kwenye simu programu yoyote ya kinanda, na nyengine ya tyuna inayoonesha jina la noti unayoimba. Usianze kupima na koo baridi. Chukua glasi, tia maji kiasi cha vidole viwili, tumbukiza mrija wa juisi, kisha uguna ndani ya mrija mapovu yatoke, ukipanda na kushuka taratibu kama king'ora. Dakika tano zinatosha. Pumzi inayozuiliwa na mrija inarudi nyuma kidogo na kuzipunguzia nyuzi za sauti nguvu ya kugongana, kwa hiyo unazipasha moto bila ya kuzichosha.

Sasa anza kwenye C ya katikati ya kinanda, ambayo programu nyingi huiandika C4 (herufi ni jina la noti, namba ni oktavu yake, yaani ngazi ya noti 12 kabla majina hayajaanza upya). Wanaume huenda mkaona raha zaidi kuanzia chini yake. Shuka noti moja moja kwa irabu "a" mpaka sauti igeuke mkwaruzo. Andika. Rudi, panda mpaka ifike pa kupiga kelele. Andika. Huo ndio mwisho wako wa juu na wa chini, na kwa kazi yetu hauna faida kubwa.

Unachokitaka khasa ni mpaka wa raha. Noti ya juu ya raha ni ile unayoweza kuishika kwa "a" ukihesabu moja mpaka nne, mara tatu mfululizo, kwa sauti ya wastani, bila ya kidevu kupanda. Ukiipata kwa kupiga ukelele tu, haihesabiki. Chini vivyo hivyo: maneno yawe yanasikika, si kunong'ona.

Pima saa zile unazorikodi. Asubuhi ukitoka kitandani sauti huwa nzito na hushuka chini kuliko kawaida, ukajidanganya kuwa u besi. Na hayo majina ya kwaya, soprano C4 mpaka C6, alto F3 mpaka F5, tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume) C3 mpaka C5, besi E2 mpaka E4, yajue tu ukipenda. Mtu akijipachika jina la tena ataimba kwa kulitetea jina.

Hatua ya 2: Pima wimbo

Andika mashairi yote kwa mkono. Sikiliza na kinanda pembeni, utafute noti ya chini kabisa na ya juu kabisa, na uzitie alama juu ya silabi zake. Halafu jiulize jambo ambalo wengi hawajiulizi: wimbo unakaa wapi? Upo wimbo unaogusa D5 mara moja tu ukashuka zake. Upo mwengine haufiki hapo, lakini kiitikio kizima kinazunguka B4 na kinarudiwa mara sita. Wa pili ndio utakaokumaliza.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tuseme wewe ni mwanamke, raha yako ni G3 mpaka B4. Wimbo unatoka A3 mpaka D5. Juu umekuzidi nusu toni tatu (D, C kali, C, B); nusu toni ni hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda mpaka cha jirani yake, na "kali" ni nusu toni juu ya noti yenyewe. Ukishusha tatu, juu umekaa sawa, lakini A3 ya chini imekuwa F kali, chini ya G yako. Raha yako ina nusu toni 16, wimbo una 17. Haukuingii wote.

Hapa ndipo mtu anapoamua kwa kutazama karatasi yake. Ile noti ya chini iko wapi? Kama ni silabi moja inayopita mwanzo wa ubeti, shusha tatu na uiimbe hafifu. Maiki itaichukua, kwani maiki husikia vya chini vizuri kuliko ukumbi. Kama ubeti mzima umelala chini na D5 inatokea mara moja kwenye kilele, shusha mbili tu, na ile C5 uifanyie mazoezi. Mimi hupendelea wimbo uwe na sehemu moja ya kujinyoosha kidogo. Ukishusha mpaka kila kitu kikawa rahisi, kiitikio kinakosa kupanda na wimbo unasinzia.

Kinanda kina kitufe cha kuhamisha kii, kazi imekwisha. Kama unatumia biti ya kupakua (muziki usio na muimbaji), programu kama Audacity au BandLab hubadilisha kii bila ya kubadilisha mwendo. Nusu toni moja au mbili husikii tofauti. Kuanzia tatu au nne ngoma zinaanza kulegea na fidla zinapata sauti ya bandia. Hapo bora umtafute mpiga kinanda akupigie upya.

Hatua ya 4: Pumzi na irabu

Shairi la mizani 16 limekatwa katikati, nane kwa nane, na pale kwenye kina cha kati ndipo pa kuvuta pumzi. Mtunzi ameshakupa nafasi, itumie. Waimbaji wa kurikodi nyumbani hupumua popote pale pumzi ilipowaishia, na neno linakatika vipande viwili. Tia alama ya pumzi kwenye karatasi. Vuta pumzi, tumbo na mbavu zifunguke, mabega yakae chini.

Kiswahili kinatusaidia kwa kuwa silabi nyingi huishia na irabu, kwa hiyo kila noti ndefu ina pa kukaa. Taabu ni vina vya "-ni" na "-ki" na "-mu" kwenye noti za juu. "I" na "u" zinafunga mdomo na koo linafuata. Ukifika juu, fungua "i" uisogeze kidogo kwenye "e", na "u" uisogeze kwenye "o". Msikilizaji ataendelea kusikia "nakupendani". Ukijirikodi ukasikia "nakupendane", umezidisha.

Pale sauti ya kifua (nzito, ya chini) inapokabidhi kwa sauti ya kichwa (nyepesi, ya juu) pana mahali pa kuteleza. Usipapige kwa nguvu. Anza kupunguza uzito noti mbili kabla.

Hatua ya 5: Kurikodi

Hii nitaipitia haraka. Zima feni. Usisubiri mvua kwenye bati, na kunguru wa Mji Mkongwe hawatakunyamazia mpaka jua lizame, kwa hivyo baada ya sala ya isha ndio wakati. Nyumba za mawe za mjini zina kuta ngumu na dari refu, zinarudisha mwangwi; kutundika kanga hakusaidii, kanga ni nyepesi. Simamisha godoro nyuma yako na blanketi zito pembeni. Kaa shubiri moja mbali na maiki, uielekeze pembeni kidogo mwa mdomo ili "p" na "b" zisiipulize. Ukiikaribia sana sauti inakuwa nzito ya uongo. Kipimo cha sauti kwenye programu ya kurikodi kisivuke desibeli -6 pale unapoimba kwa nguvu zaidi, kwa hiyo pimia kiitikio, usipimie ubeti. Hedifoni ziwe za waya, maana za bluetooth huchelewesha sauti na wewe utaimba nyuma ya ngoma bila ya kujijua. Sikio moja liache wazi ukiona unatoka nje ya kii.

Maswali

*Kutoka Wete:* Maalim, mimi mwanamme, napenda wimbo kama huo wako wa mfano, wa A3 mpaka D5. Nikishuka oktavu moja maneno ya chini yanapotea kabisa. Nikiimba palepale napasuka. Raha yangu ni C3 mpaka G4.

*Jibu:* Hili huwapata wanaume wengi wanaoimba nyimbo za wanawake, kwani tofauti ya sauti zetu na zao haifiki oktavu nzima. Ukishuka oktavu unapata A2 mpaka D4, chini umekosa nusu toni tatu. Basi pandisha biti nusu toni tatu, wewe uimbe oktavu ya chini: utakuwa C3 mpaka F4. Ukipandisha nne utapata nafasi zaidi chini, na juu utafika F kali, bado imo ndani ya raha yako. Najua inachekesha kusikia kuwa biti ipande ili wewe ushuke, lakini jaribu.

*Kutoka Kikwajuni:* Mimi sikubali. Nyimbo za asili zina heshima zake. Ukihamisha kii umeshaubadilisha wimbo wa watu.

*Jibu:* Ndugu yangu, kii unayoisikia wewe huenda si aliyoimba mwenyewe. Siti binti Saad, muimbaji wa taarab wa Unguja, na wenzake walikwenda Bombay 1928 kurikodi santuri. Santuri za zama zile zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, na mashine ya kurikodia ikienda polepole, au ya kuchezea ikienda kasi, kwa asilimia 6 hivi, wimbo umeshapanda nusu toni nzima. Kanda za kaseti nazo hivyo hivyo, mota ikichoka wimbo unashuka. Kisha mtu akanakili kanda, akaitia kwenye intaneti, wewe ukaichukua kuwa ndiyo kii halali.

Nakupa haki yako kwenye jambo moja. Ukiimba na wapigaji wa kweli, udi na fidla zina nyuzi tupu zinazolia vizuri kwenye kii fulani, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inabidi nyuzi zake zirekebishwe upya. Usiwafikie na kii ya ajabu siku ya kazi. Waambie mapema, na ukubali wakikuomba usogee nusu toni huku au kule.

*Kutoka Mwanakwerekwe:* Nimetumia programu ya kunyoosha sauti, imenyoosha kweli lakini wimbo umekuwa si wa taarab tena. Kwa nini?

*Jibu:* Kwa sababu programu inajua noti 12 tu. Wimbo ukiwa kwenye bayati ya D (bayati ni moja ya mipango ya noti ya muziki wa Kiarabu), noti ya pili inakaa baina ya E na E ya bapa, iliyo nusu toni chini ya E. Udi hauna vigingi vya kugawa shingo, unaifikia. Fidla inaifikia. Koo lako limeifikia vilevile kwa kusikia tangu utotoni, halafu programu imekuona umekosea ikakusukuma. Pia ile mikunjo ya sauti baina ya noti na noti imeikata ngazi. Izime. Ukiona lazima, punguza kasi ya kurekebisha na ushike neno moja moja lililotoka nje kweli. Ila kama wimbo umepigwa kwa akodion au kinanda, hivyo havina noti hiyo ya kati, na muimbaji huwa ameshasogea kuvifuata. Sikiliza kwanza wimbo wako ni wa upande gani.

*Kutoka Chake Chake:* Dada, mimi ni msomaji wa kaswida, Ramadhani yote sauti inafanya kazi usiku na mchana kavu. Nakunywa tangawizi na asali. Sikukuu ya pili nimeahidi kurikodi, na sasa hivi sauti imekauka.

*Jibu:* Kwanza mimi ni kaka, lakini si neno. Tangawizi na asali vinaliwaza koo, ila unachomeza hupita njia ya chakula, hakizigusi nyuzi za sauti. Maji ndiyo yanayofika huko, kwa kupitia damu, na huchukua saa kadhaa, kwa hivyo gawa maji baina ya futari na daku, usingoje dakika ya mwisho. Mvuke wa maji moto uvute usiku. Usinong'one ukidhani unapumzika, kunong'ona kunakaza koo. Nyamaza au sema kwa sauti ndogo ya kawaida. Sikukuu ya pili usirikodi kama bado imekwaruza, sogeza wiki. Na ikivuka wiki tatu bila ya kurudi, nenda ukaonane na daktari wa koo.

*Kutoka Bububu:* Video yangu imezuiliwa na sauti imenyamazishwa, na nimeimba mwenyewe kila neno!

*Jibu:* Sauti ni yako, mashairi na lahani si yako, na biti uliyopakua ina mwenyewe pia. Mitambo ya YouTube inatambua hata lahani ikiimbwa na mtu mwengine. Mwenye wimbo anaweza kuizuia, au kuiacha na kuchukua mapato ya matangazo. Kama mtunzi au warithi wake wako hapa Unguja au Pemba, waendee uombe ruhusa kwa maandishi, na masuali ya haki yapeleke COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Jina la mtunzi wa mashairi liandike hata kama hujaulizwa. Wengi huandika la muimbaji tu.

*Kutoka Jang'ombe:* Wa kunisikiliza sina. Pa kujifunza ni wapi?

*Jibu:* Mji Mkongwe kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002, kaulizie masomo ya sauti. Vikundi vikongwe navyo ni skuli: Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab, wapo tangu 1905. Kaombe kukaa pembeni siku ya mazoezi, na umtazame muimbaji anapumua wapi.

*Kutoka Wete tena:* Nusu toni nne ndiyo imekaa, ahsante. Suali dogo: huku mirija ya karatasi inalowana na kulegea kabla dakika tano hazijafika.

*Jibu:* Chukua bomba la kalamu ya wino, toa wino, lioshe. Ni jembamba zaidi, kwa hivyo utasikia ugumu, anza na dakika mbili.