Kunakili Poussin kwa rangi za mafuta: usiharakishe tabaka la chini

Juzi mwanafunzi wangu alinipigia simu akilalamika kwamba uso wa mchungaji wa kondoo katika picha anayoinakili umegeuka tope. Kosa nililijua kabla hajamaliza kueleza, maana nami liliwahi kunigharimu.

1. Picha. Mimi huanza na Wachungaji wa Arcadia, picha ya mchoraji Mfaransa Nicolas Poussin, ile iliyoko jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Watu wanne wamezunguka kaburi, na mikunjo ya nguo zao ni mikubwa, inasomeka. Ya asili ina sentimita 121 kwa 85. Nusu yake inatosha.

2. Mchoro. Piga miraba kwenye picha na kwenye turubai, hamisha kwa mkono. Projekta iache, haikufundishi kuona.

3. Tabaka la kwanza. Tulia hapa. Paka picha nzima kwa kahawia moja ya amba (rangi ya udongo) iliyozimuliwa kwa tapentaini, bila mafuta ya kuongeza. Penye mwanga, futa kwa kitambaa. Fungua madirisha.

Mimi nilitumia nyeusi ya mifupa, tena nikaitia mafuta ya kitani ili iteleze. Siku ya nne ilionekana kavu. Nikaweka rangi ya ngozi kwenye goti la mchungaji aliyeinama kusoma. Brashi ikazoa nyeusi ya chini, goti likawa kijivu kama la maiti. Nilikwangua hadi usiku.

Mafuta hayakauki kwa kuvukizwa kama maji. Hunyonya oksijeni yakawa magumu, na kila rangi ina mwendo wake: amba huwahi kwa sababu ina madini ya manganizi, nyeusi ya mifupa hujivuta. Kwa hiyo tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu lizidi kidogo. Ukigeuza mpango huo, la juu linatangulia kukauka na baadaye linapasuka. Kupima, gusa penye rangi nene, si penye nyembamba. Kidole kikinata, ahirisha.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike kamwe, hupata joto vyenyewe vikawaka. Vitandaze nje, kimoja kimoja.

4. Rangi. Nyeupe, oka (manjano ya udongo), nyekundu ya udongo, bluu, amba. Basi. Boksi la rangi ishirini na nne ni la kumfurahisha muuzaji. Vivuli kwanza, mwanga baadaye, kwa brashi pana ya manyoya ya nguruwe. Zile nyembamba zifiche mpaka ufike kwenye kidole kinachofuata herufi za kaburini. Kivuli cha mkono ule ukutani kipake siku hiyohiyo na ukuta wenyewe, kingo zingali mbichi.

5. Vanishi. Baada ya miezi sita, si kabla.