Gari ikigonga "ta" moja tu, pima masi kabla ya kununua betri

Kwa wenye Carina na Corolla za zamani hapa Goma: taa zinawaka vizuri, lakini ukizungusha ufunguo unasikia "ta" moja na injini haizunguki. Usikimbilie betri mpya. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha chukua waya mmoja wa kuazimia moto. Ncha moja ibane kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na mkanda na feni (ile ndoano ya kunyanyulia injini inafaa sana). Jaribu tena. Ikiwaka, ubovu uko kwenye waya wa masi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini na bodi.

Starta (mota inayozungusha injini ili iwake) inakula umeme mwingi kuliko taa zote, na umeme huo lazima urudi kwenye betri kupitia masi. Kutu kidogo chini ya bolti ya masi inatosha kuuzuia, huku taa zikiendelea kung'aa na kukudanganya. Fungua bolti, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi juu. Nyuzi zikiwa zimekatika au zimeota unga wa kijani, badilisha waya mzima. Ni bei ndogo ukilinganisha na betri.

Taa zikififia kabisa unapowasha, betri yenyewe imechoka, au vichwa vyake vimelegea. Na kama "ta" inabaki hata ukiwa na waya wa ziada, angalia waya wa chanya, halafu fungua starta utazame kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake na ambavyo huisha kwa kusuguana.