Somo: Kusoma mwenendo wa tembo wa Ruaha bila kuyumbishwa na sensa moja

Wengi mnaosoma uhifadhi hapa Iringa na Mbeya mkipata namba tatu mnakimbilia kuchora mstari. Tazameni kwanza hizi za tembo wa Ruaha-Rungwa, yaani Hifadhi ya Ruaha na mapori jirani: sensa ya 2013 ilitoa takriban 20,000, ya 2014 takriban 8,200, ya 2015 takriban 15,800.

Tembo hubeba mimba miezi 22, akazaa ndama mmoja. Hata mambo yakiwanyookea, huongezeka kama asilimia 7 kwa mwaka. Kwa mwendo huo 8,200 hawafiki hata 8,800 mwaka unaofuata. Ujangili wa miaka ile ulikuwa wa kweli na uliumiza, ila ongezeko la 2015 halikutokana na kuzaana. Ama tembo walihamia, ama sensa ziliyumba, ama yote mawili.

Hatua ya 1: jua namba ilivyopatikana. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana. Ndege huruka kwa mistari sambamba, na mtazamaji huhesabu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo mbili zilizofungwa chini ya bawa. Eneo lililobaki hukadiriwa kutokana na ukanda huo. Tembo hutembea kwa makundi: kundi kubwa likiangukia ndani ya ukanda, makadirio yanapaa, likiwa nje kidogo, yanaporomoka, na porini hakuna aliyekufa. Kwa hiyo usichukue idadi bila kosa sanifu lake, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba.

Hatua ya 2: geuza idadi kuwa logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo). Idadi ya wanyama hukua kwa kuzidisha, na logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha.

Hatua ya 3: andika milinganyo miwili, hiyo ndiyo modeli yako. Wa kwanza ni wa porini: logi ya mwaka huu ni ya mwaka jana, kujumlisha kiwango cha ukuaji, kujumlisha misukosuko ya mwaka kama ukame au ujangili. Wa pili ni wa sensa: kilichohesabiwa ni idadi halisi pamoja na kosa la kuhesabu. Ukivichanganya hivi viwili, kosa la mtazamaji utaliita vifo.

Hatua ya 4: pima uzito. Tuseme modeli inatabiri 10,000, kosa sanifu 1,000, na sensa inaleta 14,000, kosa sanifu 2,000. Uzito ni moja gawanya kwa mraba wa kosa, kisha uzito wote ufanywe ujumlike kuwa 1, hivyo utabiri unapata 0.8 na sensa 0.2. Jibu ni 10,800. Kichujio cha Kalman, yaani njia ya kihesabu ya kuunganisha utabiri na kipimo, hufanya hivyo mwaka hadi mwaka, kwa kutumia logi.

Hatua ya 5: endesha kwenye R, programu ya takwimu, kifurushi chake cha MARSS kinatosha. Mwaka usio na sensa andika NA (alama ya namba isiyopo), kamwe usiandike sifuri.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mafinga:* Shikamoo mwalimu. Nina sensa tatu tu. Modeli itakubali?

Marahaba. Kompyuta itakupa jibu, lakini usiliamini. Kwa namba tatu haiwezi kutenganisha msukosuko wa porini na kosa la kuhesabu. Ipe modeli kosa la sensa wewe mwenyewe: gawanya kosa sanifu kwa makadirio, kisha jibu lipige mraba. Pia weka ukomo wa ukuaji, ile asilimia 7 kwa mwaka.

*Mwanachama, Iringa mjini:* Mizoga ya tembo inayoonekana wakati wa sensa ina kazi gani?

Kubwa sana. Gawanya mizoga kwa jumla ya mizoga na tembo hai. Uwiano ukizidi asilimia 8, kwa kawaida vifo vimepita vizazi. Ni ushahidi wa pili, uingize kwenye modeli.

*Mwanachama, Tukuyu:* Na kipunji, yule kima wetu wa Mlima Rungwe, nao wahesabiwe kwa ndege?

Hapana dada, msitu unawafunika. Kipunji alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005, na hesabu yake ni ya miguu: unafuata kundi hadi uhakikishe wako wangapi. Kosa lake ni la aina nyingine, yaani kundi kukosekana kabisa au kuhesabiwa mara mbili kwenye mpaka wa makundi mawili. Mlinganyo wa porini unabaki uleule. Wa sensa ndio utauandika upya.