Hesabuni watu kabla ya kugawa shamba

Desemba, watoto wakirudi kutoka Nairobi na Mombasa, ndipo neno la kugawa shamba huibuka. Kabla hamjamwita sorovea, fanyeni hesabu hii. Nimefundisha hisabati hapa Vihiga miaka 31, na kwa ukoo wetu niliifanya kwa kamba, vigingi vinne na daftari.

Anza na vichwa. Waulize wazee boma lilikuwa na watu wangapi mwaka wa sensa ya 1969, kisha uhesabu waliokuwepo sensa ya 2019. Andika kila anayelitegemea shamba, mabinti wakiwemo. Kaka zangu waliandika wanaume tu, nikawarudishia daftari: Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi. Shamba letu ni ekari 6. Mwaka 1969 tulikuwa 9. Mwaka 2019 tulikuwa 36.

Sasa gawanya. Kwetu kila mtu anapata sehemu moja ya sita ya ekari. Usiishie kwenye karatasi. Nenda shambani; kwa sehemu kama yetu piga hatua ndefu 26 za kama mita moja, weka kigingi, geuka, piga 26 tena, hadi kamba ifunge mraba. Simama ndani yake. Mjukuu wangu wa darasa la sita alisimama katikati akaangaza huku na huku, akaniuliza, "Nyanya, na ng'ombe atalala wapi?" Nilikuwa bado sijaondoa nyumba, choo, wala makaburi ya wazee.

Kisha chakula. Hapa kwetu mtu mmoja humaliza karibu gunia moja la mahindi kwa mwaka. Nyumba, nyasi za nepia za ng'ombe na mikaratusi zimechukua nusu ya shamba, zikabaki ekari 3 za jembe. Msimu uliopita kila ekari ilitupa magunia 9, jumla 27. Walaji ni 36. Yaliyopungua tulinunua sokoni.

Ukitaka kujua kasi ya watu kuongezeka, chukua 70 ugawanye kwa idadi ya miaka waliyochukua kuongezeka maradufu. Sisi tuliongezeka mara nne kwa miaka 50, yaani maradufu kila miaka 25: asilimia 2.8 kwa mwaka. Kenya nzima haikuwa mbali nasi, ilitoka milioni 10.9 ikafika milioni 47.6 kati ya sensa hizo mbili. Dunia ilikuwa na watu bilioni 4 mwaka 1974, ikagonga bilioni 8 Novemba 2022. Hiyo ni miaka 48, piga mwenyewe.

Ila usiivute kasi hiyo hadi kwa vitukuu ukadhani umepata jibu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4. Wasichana walikaa shuleni, na uzazi wa mpango ukafika zahanati. Dunia nayo sasa inaongezeka chini ya asilimia 1 kwa mwaka, na Umoja wa Mataifa unakadiria itafikia kilele cha bilioni 10.3 hivi katika miaka ya 2080.

Ongeza safu moja daftarini: kila kichwa kinatumia nini. Mmarekani mmoja, kwa wastani, husababisha takriban tani 14 za hewa ya kaboni kwa mwaka. Mkenya hafikishi hata nusu tani. Kwa hiyo anayemtwika mama wa Vihiga mzigo wa joto la dunia anamwonea, na mimi humwambia hivyo usoni. Kuni lakini ni deni letu wenyewe. Pima mzigo mmoja mnaochoma kwa mafiga matatu, hesabu unakaa siku ngapi, zidisha kwa mwaka, kisha uhesabu miti iliyobaki uani.

Daftari hilo ndilo lipelekwe kwenye kikao. Letu lilisomwa kwa sauti, na tukakubaliana nyumba mpya zijengwe pamoja upande wa juu, kwenye mawe. Udongo mweusi wa chini ubaki kipande kimoja, cha jembe tu.