Somo: Kuunda DUKW ya rimoti kwa bomba la PVC (soma yote ndo uulize)

Wakuu habari za jioni. Tangu niishushe ile gari ziwa Duluti meseji haziishi na karibu zote zinauliza kitu kilekile, "maji hayaingii?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza nitamwambia arudi huku.

Kwa ambao hawaijui, DUKW ni lori la jeshi la Marekani la Vita ya Pili ya Dunia, GMC ya tairi sita iliyovalishwa bodi ya boti. Zilitoka zaidi ya 21,000 kati ya 1942 na 1945, zikashusha mizigo Sicily 1943 na Normandy 1944. Inatoka majini inapanda barabarani haijasimama hata sekunde, mimi hicho ndo kilinikamata.

Hatua ya 1, vipimo. Yenyewe ina urefu wa mita 9.45 na upana kama 2.5. Kwa skeli ya 1/16, yaani kila kipimo unagawanya kwa 16, unapata sm 59 kwa karibu sm 16. Chora kwenye boksi kwanza.

Hatua ya 2, bodi. Chukua bomba la PVC la inchi 4, lichane kwa urefu, lipashe mpaka lilegee halafu libane katikati ya mbao mbili lipoe, unapata shiti safi kabisa. Pashia nje na usiliunguze, moshi wake ni sumu. Unga kwa gundi ya bomba.

Hatua ya 3, ekseli. Nimetumia za WPL (kampuni ya magari ya rimoti) za 1/16 za tairi sita. Ekseli zinakaa NJE ya bodi, chini, kama kwenye gari lenyewe, kinachoingia ndani ni shafti tu. Mota ziwe mbili, moja ya tairi, moja ya propela.

Hatua ya 4, bomba la shafti ya propela. Hapa tulieni. Ya kwanza nilitoboa tundu, nikapitisha shafti, nikajaza silikoni pembeni na oili ya injini ndani, nikaona nimemaliza. Haikufika hata dakika tano kwenye karai, oili yote ikatokea nje maji yakaingia, mota ikaungua na risiva (kile kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti) ikafa, na ile risiva niliingoja wiki sita ifike. Sasa fanya hivi: tafuta antena ya redio ya kuvuta, zile pingili zake ni vibomba vinavyoingiliana. Kata pingili nene sm 12, halafu kata vipande viwili vya sm 2 vya pingili nyembamba inayopitisha spoku ya baiskeli bila kucheza, chomeka kimoja kila ncha, lehemu kwa risasi. Katikati inabaki nafasi, hiyo unashindilia grisi nzito ya beringi mpaka itokeze upande wa pili. Spoku ndo shafti yako, na ile ncha yenye nyuzi inashika propela kwa kinati chake. LEHEMU KABLA HUJAGUNDISHA kwenye bodi, la sivyo PVC inayeyuka yote. Kwangua bomba kwa msasa ndo uweke gundi ya kuchanganya ile ya tyubu mbili, maana silikoni peke yake inabanduka mota ikianza kutetemeka. Ncha ya ndani iinuke juu kidogo ya usawa wa maji ukiweza. Na shafti za ekseli zinapoingia ndani fanya hivihivi.

Hatua ya 5, uzito. Gari tupu ni tani 6 na kidogo. Skeli ni 1/16 lakini uzito unagawanya kwa 16 mara tatu, yaani 4,096, unapata kama kilo moja na nusu. Ukifika hapo itaelea, na sehemu inayokaa chini ya maji itakuwa kwa kiasi kilekile cha gari halisi.

Hatua ya 6, umeme. Waya wa antena ya risiva uwe juu ya usawa wa maji, mawimbi ya 2.4 GHz hayapenyi maji. Betri ya lipo (lithiamu polima) isishuke chini ya volti 3 kwa seli.

MASWALI

chalii_wa_sakina: mkuu maji hayaingii kwenye shafti?
Jibu: Hatua ya 4.

chalii_wa_sakina: nimesoma ila silikoni si inatosha tu, mi ninayo
Jibu: Kaka nimeandika risiva yangu ilikufa kwa silikoni. Weka tu, ila usije kunilaumu.

moshi_garage: mbona nyuma hujaweka tairi mbili mbili kama malori mengine?
Jibu: Swali zuri sana mkuu. DUKW ina tairi moja moja kote. Dereva alikuwa anaweza kupunguza na kujaza upepo akiwa amekaa kwenye kiti, mchangani anazilegeza, kwenye lami anazijaza. Ukitaka iwe na uhai weka vile vibomba vya upepo vinavyokuja mpaka katikati ya ringi kwa nje, mimi nilitumia waya mwembamba wa simu.

fundi_kijenge: naweza kupakia mzigo?
Jibu: Yenyewe ilibeba kama tani 2.3, kwa skeli yetu ni zaidi ya nusu kilo. Weka katikati, chini kabisa, mzigo ukikaa juu itapinduka.

dada_wa_tengeru: Rangi ile ya kijani ya jeshi umeipata wapi, mjini nimezunguka sijaiona.
Jibu: Haiuzwi dada, changanya. Anza na manjano, ongeza nyeusi tone tone, inageuka yenyewe kuwa ule ukijani wa tope. Jaribu kwenye kipande cha PVC uache ikauke kwanza, ikikauka inakoza.

dada_wa_tengeru: Asante. Na ikizima katikati ya ziwa?
Jibu: Siku za kwanza ifunge mshipi wa kuvulia nyuma, uivute. Usiingie majini kuifuata, Duluti ni kreta, ina kina kirefu.

moshi_garage: mshipi si utajisokota kwenye propela?
Jibu: Ukirudi kinyumenyume ndiyo. Ufunge juu ya bodi, kwenye ndoano ya nyuma, na usiulegeze.