Mambo ya kuzingatia kabla ya jioni yako ya kwanza Mtwara

Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560, na basi la alfajiri litakushusha miguu imevimba, simu ikiwa na chaji kiduchu. Panga jioni ya mtu wa hali hiyo. Kila linaloweza kuamuliwa ukiwa bado Dar, liamue hukohuko.

Anza na barabara. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 kule Rufiji, habari za kusubiri kivuko zimekwisha, na kufika siku hiyohiyo ni kawaida. Ila Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii upande wa Kilwa. Kwa hiyo ukisafiri kipindi cha mvua, ambacho huku kusini ni kati ya Novemba na Aprili hivi, wapigie wenyeji jana yake, na usilipie chumba kama hawarudishi hela.

Chumba chenyewe usikitafute na begi mgongoni. Piga simu gesti, uliza maji, feni na chandarua, halafu uliza nauli ya bajaji kutoka stendi. Ukishaijua bei, hata ukiambiwa nyingine utacheka tu na kusema, "Kaka, mimi mgeni lakini si hivyo." Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho, wahi zaidi kuulizia, maana mji unapata watu. Kitambulisho kiweke mfukoni, kisizame kwenye begi lililo ndani ya buti. Mapokezi watakihitaji kwa daftari la wageni.

Linalosahaulika zaidi ni mwanga. Mwezi Juni jua huzama muda mfupi tu baada ya saa kumi na mbili, na giza halichelewi. Basi likiingia saa kumi na moja, una saa moja hivi ya kuona mji. Ndiyo maana Mikindani naiondoa kabisa kwenye ratiba ya siku hiyo, ingawa iko kama kilomita kumi tu kutoka mjini. Kata tiketi ya siti ya dirishani upande wa kushoto, uione ghuba yake na majengo ya kale basi likipita, kisha urudi kesho asubuhi ukiwa umeoga.

Baada ya kuoga, shuka Shangani, ufukweni. Usiende kuogelea, maji usiyoyajua hayaogelewi jioni. Kaa tu upigwe na upepo. Nenda na noti ndogondogo, kwa sababu muuza pweza hana chenji ya elfu kumi, na si kila mmoja atapokea pesa kwa simu. Ukikuta ming'oko ya kuchemsha, nunua: ni mizizi ya porini, myembamba, unaimenya kwa vidole na kuila na chumvi. Haishibishi kivile, lakini ni kitafunwa cha maongezi, na aliyekaa jirani atakuonyesha namna ya kuimenya bila kuombwa. Chakula chenyewe kiwe wali wa nazi na samaki, mapema, karibu na unapolala.

Chandarua kishushe kabla ya kutoka, mbu wasikutangulie kitandani; malaria huku ni ya kweli. Ukirudi, chomeka simu, waambie nyumbani umefika.