Kusikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni ukiwa porini

Ukitoka Dar es Salaam kwenda kupiga kambi kando ya Mto Rufiji, hasa msimu wa masika, usitegemee simu pekee kupata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Beba redio ndogo ya betri. Mawimbi ya FM huzuiwa na vilima, kwa hiyo tafuta mahali palipoinuka, ila si wakati wa radi, uvute antena yote na kuielekeza huku na huku taratibu mpaka mkwaruzo upungue. Kwenye masafa ya kati (yaliyoandikwa AM au MW kwenye redio), ambayo usiku hufika mbali zaidi, antena hiyo kwa kawaida haisaidii, kwa kuwa inayofanya kazi imo ndani: geuza redio yenyewe, tena mbali na chaja ya sola, ambayo mara nyingi huleta mvumo.